Mikanda ya Chungwa

Kimbunga walikipa jina la binadamu,
jina la karani, la mtu wa kuvaa tai,
nacho kilikuwa ghubani kinakunywa maji moto
kinanenepa.

Mimi ni dereva wa basi la shule. Siku ile sikuwa na wanafunzi.
Nilikuwa na orodha: nyumba arobaini na moja
kando ya mfereji wa Petit Sarel, kusini mwa Luiziana,
mahali ambapo ramani ya juzi inaonyesha barabara
na macho yanaonyesha maji.

Boti za kuvulia kamba zilikwishafungwa kamba,
nne nne kila moja, zimelegezwa kidogo
ili maji yakipanda, nazo zipande.
Anayekaza sana ndiye azamishaye.
Clovis Dardar alikuwa aking'oa milango ya nyumba yake,
mwaloni wa babu yake, anailaza darini:
afadhali nirudi nyumba haina mlango, alisema,
kuliko mlango uvimbe unikatalie.
Mkewe aligandisha kikombe cha maji kwenye friza,
juu ya barafu akaweka sarafu.
Tukirudi tukaikuta imezama chini,
tutajua umeme ulikatika, barafu ikayeyuka, ikaganda tena,
na nyama yote ni ya kutupa.
Senti moja,
shahidi asiyekula hongo.

Nyumba ya thelathini na tatu: Bibi Odalie Billiot.
Begi lilikuwa ukumbini. Dawa zimo pochini. Viatu amevaa.
Hatoki.
"Sitoki mpaka Théophile afungwe."

Théophile amekufa miaka sita.

Kwetu kaburi haliendi chini;
ukichimba futi mbili umechimba kisima.
Wafu tunawalaza juu ya ardhi, ndani ya saruji,
na sanduku la saruji lenye hewa huelea, usishangae,
kama sufuria iliyofunikwa.
Kimbunga kilichopita kilimbeba Théophile maili tatu
kikamtua kwenye miwa ya mtu
waliyenuniana tangu ujana.
Wiki tano alikaa ghalani akingoja kutambuliwa
kwa meno yake na pini ya tai.
"Nimemzika mara mbili," alisema Odalie.
"Mara ya tatu sina nguo nyeusi inayonienea."

Saa iliniambia twende. Nyumba nane zilikuwa zimebaki.
Abiria kumi na tisa walinitazama madirishani,
na swali lilikuwa pale, limekaa kiti cha mbele:
aliye hai amngoje aliyekufa?
Sikuthubutu kuliuliza.
Nilifungua mlango nikasema, nahitaji mikono.

Clovis alishuka wa kwanza,
begani mikanda ya kufungia mizigo ya lori,
ile ya rangi ya chungwa.
Tukaipitisha juu ya Théophile, tukaipitisha chini,
tukaikaza kwa wenzo mpaka ikalia,
na kwa mara moja mtu akacheka, kisha akajuta.
Odalie akainama na kalamu ya wino usiofutika
akaandika kwenye saruji: jina, kijiji, namba ya simu,
na chini yake, kwa herufi ndogo, Mrudisheni.

Kisha akaukamata mkono wangu.
"Dada yako wa Shreveport, namba yake?"
Nikamtajia. Akaandika juu ya mshipa, polepole,
wino ulikuwa baridi.
Ndani ya basi kalamu ilipita kiti kwa kiti.

Katika nyumba nane, saba walipanda.
Wa nane alitupungia kutoka barazani
na nikaandika jina lake, na idadi ya mbwa.

Maji yalikuwa yameshagusa mstari mweupe wa lami.
Kwa mazoea nikawasha zile taa nyekundu
za kuyasimamisha magari watoto wavuke.
Nyuma yetu hapakuwa na gari.
Sikuzizima.